Salio lilikuwa kubwa, ila fedha hazikuwa zetu

Nilipokabidhiwa uweka hazina wa shirika letu la hisani, salio la benki lilikuwa la kupendeza. Mwenyekiti aliridhika, mkurugenzi aliridhika, na baadhi ya wajumbe wa bodi walikwisha anza kuzungumzia tawi la pili. Tunawasaidia wanawake wenye biashara ndogo: mafunzo, ushauri wa utunzaji wa hesabu, na mikopo midogo kutoka mfuko unaozunguka, ambapo marejesho ya mmoja ndiyo mkopo wa mwenzake. Kazi ilionekana na wafadhili walituamini. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: katika salio lile, tunaweza kutumia kiasi gani bila kumwomba mtu ruhusa?

Nikaipitia mikataba ya ruzuku mmoja mmoja. Kando ya kila fungu niliandika limetolewa kwa kazi gani, linakwisha lini, na likibaki linarudishwa au la. Halafu taarifa ya fedha ya robo mwaka nikaigawa safu tatu: fedha zenye masharti, fedha huru, na mfuko wa mikopo. Safu ya fedha huru haikutosha hata pango na mishahara ya miezi miwili. Zaidi ya nusu ya mapato yote yalitoka kwa mfadhili mmoja, na mkataba wake ulikuwa ukingoni.

Kwenye kikao sikutoa hotuba. Niligawa ukurasa mmoja, na chini yake nikaweka tarehe ambayo fedha huru zingekwisha endapo hakuna ruzuku mpya. Habari ya tawi haikurudi tena.

Bodi iliazimia kujenga akiba ya miezi mitatu ya gharama za uendeshaji. Mashirika mengi hulenga kati ya miezi mitatu na sita, lakini sisi tulipima kwa mambo yetu wenyewe: muda unaopita tangu kupeleka andiko la mradi hadi fedha kuingia, na gharama ya kuwalipa wafanyakazi stahili zao iwapo tutalazimika kufunga. Kuazimia ni rahisi. Akiba itoke wapi, ilhali hakuna mfadhili anayetoa ruzuku ya kuweka akiba?

Hapo ndipo nilipoona tatizo lenyewe. Bajeti zetu zilikuwa na mkufunzi, vitabu na nauli za washiriki, basi. Mhasibu, mkaguzi wa hesabu, pango na umeme havikuwa na mwenyewe, kwa hiyo vililipwa na zile fedha huru chache. Kwa maneno mengine, kila ruzuku tuliyoshangilia ilitupunguzia uhai. Nikakokotoa gharama kamili ya kila mradi na tukaanza kuziomba zote. Hoja moja iliyonisaidia mezani ni kwamba serikali ya Marekani yenyewe, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kutoka asilimia 10 hadi 15 kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji kama hizo, ambacho mpokea ruzuku asiye na kiwango alichokubaliana nayo anaweza kudai. Mfadhili mmoja alikubali bila ubishi. Mwingine alisema sera yake hairuhusu asilimia, lakini akaturuhusu kuandika sehemu ya mshahara wa mhasibu na ada ya ukaguzi kama mistari ya kawaida ya bajeti. Gharama ileile, mlango mwingine. Wa tatu alitaka tufundishe wanawake wengi kwa muda mfupi, bila ufuatiliaji na bila senti ya uendeshaji. Bodi ilipiga kura na kumjibu kwa heshima kwamba hatuwezi. Mkurugenzi alininunia, na sikumlaumu, maana yeye ndiye aliyekuwa na watu wa kuwalipa.

Lakini fedha zilikuwa nusu ya kazi, tena nusu nyepesi.

Wajumbe wawili wa bodi walikuwa wajasiriamali waliopitia mafunzo yetu. Mmoja alikuwa na mkopo wetu, mwingine alikuwa akituchapia vitabu vya mafunzo. Mjumbe mwanasheria akapendekeza wanufaika wote watoke kwenye bodi. Mama mwenye mkopo alinigeukia: "Mwanangu, deni langu nalipa kila mwezi, sijapitiliza hata siku moja. Kosa langu lipi?" Hakuwa na kosa. Mgongano wa maslahi si wizi, ni hali ya mtu kukaa pande mbili za meza moja, hata awe mwaminifu namna gani.

Mimi nilipinga kutolewa kwao. Benki ya SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri kule India, ilianzishwa mwaka 1974 na wanawake wapatao 4,000 wa kipato cha chini, kila mmoja akichangia hisa ya rupia 10, na wanachama hao ndio wenye benki. Mwanasheria akanijibu vizuri: ile ni ya ushirika, wenye mali wanajitawala, sisi ni shirika la hisani, mdhamini, yaani mjumbe wa bodi, anashika mali kwa ajili ya wengine na hapaswi kunufaika nayo kwa siri wala kwa upendeleo. Alikuwa sahihi kuhusu tofauti hiyo, nami bado niliona kwamba bodi isiyo na mtu aliyewahi kukosa mtaji wa wiki inayofuata itaamua mambo gizani.

Tulikutana katikati. Kila mjumbe hujaza daftari la maslahi kila mwaka. Ajenda ikimhusu, anatangaza, anatoka chumbani, hahesabiwi kwenye akidi ya ajenda hiyo, na muhtasari unaandika hivyo. Maombi ya mikopo yaliondolewa mikononi mwa bodi yakapelekwa kwa kamati isiyo na mjumbe wa bodi hata mmoja. Bodi huona jumla tu, yaani marejesho na mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Mjumbe hachukui mkopo mpya akiwa kwenye bodi, ila mkopo wa zamani unaendelea kwa masharti yaleyale. Kazi ya uchapaji ilitangazwa, ikaja na nukuu tatu za bei, na mjumbe wetu akashindwa na mwingine. Alikasirika kwa muda.

Mfuko wa mikopo ulihamia akaunti yake, na desturi ya kuuazima kulipia mishahara "hadi ruzuku iingie" ikapigwa marufuku. Mwezi mmoja mishahara ilichelewa kwa sababu hiyo. Maneno niliyoyasikia korido siyaandiki hapa.

Mkataba wa mfadhili mkubwa ulipokwisha haukuongezwa. Akiba ilikuwa imekaribia miezi miwili, si mitatu. Tuliahirisha kundi moja la mafunzo, ofisi haikufungwa, na hakuna aliyeachishwa kazi. Yule mama alimaliza deni lake, na baadaye akataka mkopo mkubwa zaidi wa kununua mashine. Fomu aliileta pamoja na barua ya kujiuzulu kwenye bodi. Kamati ilimpa, na wanufaika wenzake ndio waliochagua wa kukalia kiti chake.