Dakika Tisa Mbele ya Wenzangu: Nilivyojiandaa Kupiga Solo na Okestra ya Vijana

Nilikuwa na umri wa miaka 17, nikikalia kiti cha klarineti ya pili, chombo cha kupuliza chenye vitufe, katika okestra ya vijana jijini Nairobi, pale mwongozaji wetu alipotangaza, mwishoni mwa mazoezi ya Jumamosi moja ya Januari, kwamba katika tamasha la mwezi Mei wawili kati yetu watasimama mbele na kupiga solo huku wengine wakiwasindikiza. Nilipoifikisha habari hiyo nyumbani, mama yangu alifurahi, kisha akauliza gita nitalitoa wapi, kwa maana kwake yeye, kama kwa Wakenya wengi waliolelewa na rumba na benga, mpiga solo ni mtu wa gita. Nilimweleza kwamba katika muziki huu solo inaweza kupigwa kwa chombo chochote, na kwamba kipande kilichotungwa kwa ajili ya mpigaji mmoja na okestra nzima huitwa koncherto. Akasema basi ni sawa, ilimradi nisisahau mtihani wa muhula.

Nilitaka kupiga Mozart. Koncherto yake ya klarineti, aliyomtungia rafiki yake Anton Stadler mwaka 1791, mwaka uleule aliofariki, ni kipande ambacho karibu kila mwanafunzi wa klarineti hukitamani. Mwalimu wangu, mzee aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi na aliyenifundisha sebuleni kwake kila Jumatano bila kunidai hata shilingi, alinisikiliza nikimaliza maelezo yangu yote, ndipo akaniuliza kwa upole, "Binti, klarineti yako ni ya sauti gani?" Swali hilo likanikata maini. Klarineti yangu, kama zilivyo karibu zote zilizomo mikononi mwa wanafunzi wa Nairobi, ni ya B-flati, ilhali Mozart aliandika kwa klarineti ya A, ambayo ni ndefu kidogo na hutoa sauti ya chini kwa nusu hatua. Mwenye klarineti ya A huusoma muziki huo katika C meja, bila alama yoyote pembeni, na vidole vyake hutembea barabara kuu. Mimi ningelazimika kuupiga katika B meja, wenye alama tano za kupandisha nota, na mbio ambazo Mozart aliziandika zikae mkononi zingegeuka kuwa njia ya mawe matupu. Tulitafuta klarineti ya A ya kuazima kwa wiki mbili. Tuliipata moja, na mwenyewe hakutaka itoke nyumbani kwake, jambo ambalo leo simlaumu nalo.

Mwalimu ndiye aliyeleta jibu. Siku moja alitoa kwenye bahasha ya khaki nota za Concertino ya Carl Maria von Weber, kipande cha dakika kama tisa kilichotungwa mwaka 1811 huko Munich kwa ajili ya mpigaji mashuhuri Heinrich Baermann. Kiko katika E-flati meja, maana yake ni kwamba mwenye klarineti ya B-flati hukisoma katika F meja, kwa alama moja tu ya kushusha nota. Zaidi ya hayo, ndani ya dakika hizo tisa mna kila kitu: utangulizi wa polepole wenye huzuni, wimbo mwepesi unaokumbukika mara moja, mageuzi ya wimbo huo yanayozidi kuwa magumu, na mwisho wa kasi wa mapigo sita unaorukaruka kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa chenji ni yake. Mwalimu aliniambia kwamba mfalme wa Bavaria alikipenda kipande hicho hata akamwagiza Weber aandike koncherto mbili zaidi za klarineti. "Ukikipiga vizuri," akasema, "labda nawe watakuagiza chai."

Usaili ulifanyika mwishoni mwa Februari. Tulijitokeza saba, tukachaguliwa wawili: mimi, na kijana wa chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, aliyepiga Elegie ya Gabriel Fauré kwa namna iliyotufanya sote tutazame chini.

Kabla sijaeleza nilivyokwama, sina budi kusema neno kuhusu klarineti yenyewe. Ilikuwa mali ya okestra, kuukuu, na kitufe chake kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kinanata. Vitufe vya klarineti vina pedi laini zinazofunika matundu, na unyevu wa pumzi ukizidi, pedi hung'ang'ania tundu na nota hutoka ikiwa imechelewa au isitoke kabisa. Dawa yake inajulikana na kila mpigaji wa chombo hiki: unaingiza karatasi nyembamba ya kusokotea sigara kati ya pedi na tundu, unabonyeza taratibu, unaivuta, na karatasi hunyonya maji. Nilikwenda basi kwenye kioski cha mtaani kwetu nikaomba pakiti moja ya karatasi hizo. Muuzaji alinitazama juu hadi chini, akanipa, na kabla sijafika nyumbani mama alikuwa ameshapigiwa simu. Jioni hiyo niliketi mezani mbele yake nikiwa nimeivunja klarineti vipande vitano, nikamwonyesha kitufe kimoja baada ya kingine jinsi karatasi inavyofanya kazi. Baada ya hapo ni yeye aliyekuwa akininunulia.

Mazoezi ya kwanza pamoja na okestra yalikuwa aibu. Kwa wiki tano nilikuwa nimejizoeza chumbani huku nikisikiliza, kwa spika za masikioni, rekodi ya mpigaji mmoja wa Ulaya, nami nilijua kila nota yangu kwa moyo. Okestra ikafungua kwa kishindo, nikahesabu mapumziko yangu, nikaingia na ile sauti moja ndefu na laini inayoanzia klarineti, na nikajikuta peke yangu, nimeingia pigo zima kabla ya wenzangu. Tulianza upya nikachelewa. Tulipofika kwenye mageuzi ya kasi nilikimbia kama nilivyozoea kukimbia na rekodi, fidla zikabaki nyuma, pembe zikapotea kabisa, na mwongozaji akashusha fimbo yake. Hakunikaripia. Aliniita pembeni akaniambia, "Klarineti unaijua. Kipande hukijui." Kisha akanipa kitabu cha nota zote, kile anachokisomea yeye, chenye mistari ya kila chombo iliyopangwa kuanzia filimbi juu hadi besi chini, akaniagiza nisiguse klarineti hadi niweze kumwimbia sehemu ya fidla za pili.

Nilikasirika, nakiri. Nilidhani mpiga solo ndiye anayefuatwa, na sasa naambiwa nikajifunze sehemu ya watu ambao, kwa ujeuri wa umri ule, niliwaona kuwa wasindikizaji tu. Hata hivyo nilitii. Nilikuwa nikipanda matatu asubuhi kutoka Umoja kwenda mjini kupitia Jogoo Road, na foleni ya barabara hiyo ilinipa muda niliouhitaji. Niliupitia utangulizi wote kati ya kituo cha kupandia na mzunguko wa Donholm, wimbo wenyewe hadi Hamza, mageuzi hadi City Stadium, na mwisho wa kasi hadi Muthurwa, nikiimba kimoyomoyo sehemu ya fidla siku ya Jumatatu, ya chelo siku ya Jumanne, na kadhalika. Mpaka leo nikipita City Stadium kuna mahali kwenye mgongo wangu panaposubiri okestra iingie.

Kazi nyingine iliyonifundisha zaidi haikuwa imepangwa. Weber aliandika kwa filimbi moja, obo mbili na fagoti mbili (vyombo vya mbao vya kupuliza, obo ya sauti ya juu na fagoti ya sauti ya chini), pembe mbili, tarumbeta mbili, ngoma za timpani na nyuzi. Sisi hatukuwa na obo hata moja, na fagoti tuliyokuwa nayo ilikuwa moja. Hali hiyo si ngeni Nairobi, ambako vyombo hivyo ni ghali, havipatikani madukani, na watu wanaoweza kuvifundisha ni wachache sana. Mwongozaji aliuliza ni nani angeweza kuandika upya sehemu zinazokosekana ili zipigwe na vyombo tulivyo navyo, na kwa kuwa kipande kilikuwa changu, mikono yote ilinielekea. Nilikaa usiku tatu na karatasi zenye mistari, kalamu ya risasi na kifutio. Sehemu za obo niliwapa wenzangu wawili wa klarineti, na kwa kuwa klarineti ya B-flati hutoa sauti iliyo chini ya ile iliyoandikwa, ilinibidi nipandishe kila nota hatua moja nzima na kubadilisha alama za pembeni. Sehemu ya fagoti ya pili nilimpa mpigaji wa tromboni, kijana kutoka Korogocho aliyepitia Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha vijana muziki huko, ambaye aliweza kupiga kwa sauti ya chini sana bila kutetemeka, nami nilimwandikia juu ya ukurasa, "Tafadhali, kama unanong'ona." Alinijibu kwa kuandika chini yake, "Kwa nani?"

Ni katika kunakili huko, nota kwa nota, ndipo nilipogundua mambo ambayo rekodi ilikuwa ikinificha. Mahali nilipodhani niko peke yangu kumbe palikuwa na pembe zinazoshikilia sauti moja chini yangu. Mahali nilipokuwa nikikimbia, fidla za pili zilikuwa na nota ndogondogo zisizoweza kwenda kwa kasi hiyo mikononi mwa mtoto wa miaka 14 aliyeanza fidla juzi. Nilipunguza mwendo wangu wa mageuzi kwa kiasi ambacho msikilizaji pengine asingekitambua, lakini kila mtu jukwaani alikitambua.

Kisha ikaja mvua ya Aprili. Tulikuwa tukifanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati lisilo na dari, na Jumamosi moja, tukiwa katikati ya kipande, ilinyesha kwa nguvu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusikia hata chombo chake mwenyewe. Tulitaraji kuambiwa tupumzike. Mwongozaji badala yake aliweka fimbo yake kwenye kiti, akaandika kwa chaki kwenye ubao, "Endeleeni. Mtazameni yeye," kisha akaenda kukaa nyuma kabisa. Nilibaki nimesimama mbele ya watu arobaini wasionisikia. Nilivuta pumzi ili nianze, na kwa mara ya kwanza niliona pinde zote za fidla zikinyanyuka pamoja na mabega yangu. Nilijaribu tena, nikivuta pumzi haraka, na pinde zikanyanyuka haraka. Nilipoivuta polepole, mpigaji wa timpani kule mwisho alitabasamu na kuinua vijiti vyake polepole vilevile. Tulipiga hivyo kwa karibu dakika ishirini, kipande kizima, mara mbili, pasipo sauti yoyote isipokuwa ya mabati, na mvua ilipokatika ghafla katika ukurasa wa mwisho tulijikuta wote tuko mahali pamoja.

Siku ya tamasha nilikaa nyuma ya jukwaa nimeikumbatia klarineti ndani ya sweta, kwa sababu klarineti ikipoa hushuka sauti, na okestra ambayo imekuwa ikipiga kwa nusu saa chini ya taa za moto imekwisha kupanda. Nilikuwa nimechagua tete langu, kile kipande chembamba cha mwanzi mdomoni mwa klarineti kinachotoa sauti, tangu siku tatu kabla, kati ya manne, na kulihifadhi ndani ya kopo lenye pamba yenye unyevu kidogo ili lisijipinde. Mfukoni mwa gauni, ambalo mama alimwomba fundi alishonee mfuko kwa kazi hiyo pekee, nilikuwa na karatasi zangu za sigara.

Sikupiga bila kosa. Katika mageuzi ya pili kile kitufe kilinata, nota moja haikutoka, kidole changu kikashtuka na nikaruka pigo zima. Miezi mitatu kabla ningesimama. Safari hii nilisikia mahali fidla za pili zilipo, nikajua baada ya nota ngapi watafika mlangoni pangu, nikawangoja hapo na kuingia nao. Nilipopata mapumziko mafupi baada ya hapo nilichomoa karatasi, nikaikausha pedi mbele ya ukumbi mzima, nikairudisha mfukoni. Nimeambiwa kwamba mama, aliyekaa safu ya tatu, alimgeukia mtu asiyemjua na kumweleza kwa kirefu kazi ya karatasi ile.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye kiti changu cha klarineti ya pili. Kijana wa chelo alikuwa amealikwa kupiga Elegie yake tena katika tamasha jingine, na sehemu ya obo ya pili haikuwa na mtu. Mwongozaji alinipa karatasi tupu yenye mistari na kalamu. Nilipandisha kila nota hatua moja, nikahesabu mapumziko, na kijana yule alipovuta pumzi, nami nikavuta.