Wiki Moja Jura, Kisiwa cha Kulungu

Kisiwa cha Jura kipo magharibi mwa Scotland, na jina lake, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, limetoka katika lugha ya kale ya Waskandinavia likiwa na maana ya kisiwa cha kulungu. Jina hilo bado linakifaa, kwani wakazi wake hawafiki hata 300, ilhali kulungu ni zaidi ya 5,000. Nilikaa huko wiki moja ya mwezi Oktoba nilipokuwa masomoni Glasgow, nikiwa mgeni wa familia ya mwanafunzi mwenzangu iliyopanga nyumba katika mojawapo ya milki za kisiwa hicho, yaani maeneo makubwa ya ardhi ya watu binafsi. Tangu nirejee Mtwara watu huniuliza habari za baridi, na mimi hujikuta nikiwajibu habari za uwindaji.

Neno kulungu nalitumia kwa kukosa jingine. Kulungu wa vichaka vya Nanyumbu ni wa jamii ya swala na pembe zake ni za kudumu, lakini huyu wa Scotland, aitwaye mwekundu kwa rangi ya manyoya yake, dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine zenye matawi. Kusini mwa Sahara hatuna mnyama wa asili wa jamii hiyo.

Safari ilikuwa ya basi hadi Kennacraig, kisha meli hadi kisiwa cha Islay, kisha pantoni ndogo inayovuka kwa dakika chache tu, kama ile ya Msangamkuu kwetu Mtwara, ila mkondo wa pale una nguvu kiasi kwamba chombo hukata maji upande upande mithili ya kaa. Barabara ya maana kisiwani ni moja. Nyumba ilikuwa ya mawe, yenye kuta nene na meko ya kuni sebuleni, na hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Mahitaji yote tulinunua Craighouse, kijiji chenye duka, hoteli na kiwanda cha pombe kali, na baada ya hapo hapakuwa na pa kwenda isipokuwa mlimani.

Mlimani hakwenda mtu kuwinda peke yake. Kila milki huwa na mtu aliyeajiriwa kuwajua kulungu wake, nami nitamwita mnyatiaji, kwa sababu kazi yake hasa ni kunyata. Asubuhi ya kwanza alimtaka baba wa rafiki yangu, ambaye ndiye aliyelipia uwindaji, apige shabaha kwenye ubao hadi aridhike kwamba hatamjeruhi mnyama bure. Kisha tulipanda, akaketi na darubini kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akawapita madume matatu yenye pembe za kupendeza na kumchagua mzee aliyekonda, asiyeelekea kuvuka majira ya baridi. Kwa karne kadhaa sasa Scotland haina mbwamwitu, na kulungu wasipopunguzwa kwa risasi hula kila mche unaochipua, mpaka milima inabaki bila miti na wao wenyewe wanakufa njaa.

Mnyatiaji alichuma majani makavu, akayaachia hewani, akayatazama yanakoangukia ili ajue upepo unakoelekea. Nilitabasamu bila kutaka. Mjomba wangu, aliyekuwa msasi enzi za gobore, alikuwa akitembea na majivu ndani ya kitambaa, akikitikisa kidogo kila baada ya hatua kadhaa, na sisi watoto tukikigusa tulichapwa. Tulitambaa kwenye mfereji wa maji baridi kwa muda uliokaribia saa nzima, matumbo yakiwa kwenye mboji nyeusi iliyolowa, na tulipofika kama mita 200 hivi upepo ukazunguka bondeni, majike yakainua vichwa, na kundi lote likatoweka nyuma ya mwamba. Mnyatiaji hakusema neno. Alikunja darubini yake tukaanza upya, na ilipofika alasiri mgeni wake akampiga dume mwingine, mzee vilevile, kwa risasi moja.

Matumbo yalitolewa palepale. Zamani mzoga ulishushwa kwa farasi wafupi wa milimani. Sisi tuliuvuta kwa kamba hadi kwenye kigari cha magurudumu manane kilichotusubiri chini. Nilipomsimulia mama kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa, “Nani alichinja?” Nikamtuliza kwamba usiku ule nilikula samaki.

Jambo lililonisumbua zaidi ni la umiliki. Kwa sheria ya Scotland kulungu wa porini akiwa hai hana mwenyewe, lakini haki ya kumwinda ni ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi anaweza kuwa mtu mmoja aliyemiliki milima mizima. Tangu sheria ya mwaka 2003 yeyote anaruhusiwa kutembea humo kwa staha, ila bunduki ni habari nyingine. Kwetu Tanzania wanyamapori ni mali ya umma, na ardhi yote imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini. Kampuni ya uwindaji wa kitalii hulipia kitalu, yaani eneo la kuwindia, na mwindaji mwenyewe hulipia kibali. Sisemi kwamba wao wamepatia. Kisiwa chenye wamiliki wachache kilinitia unyonge, na vijana wa huko hulalamika kwamba nyumba huishia kwa wageni wa likizo.

Hata hivyo niliona kitu ambacho ningependa kukiona Liwale na Nanyumbu. Mgeni yule tajiri aliinama alipoambiwa ainame, na akanyamaza alipoambiwa anyamaze, na maneno hayo yalitoka kwa mwajiriwa mwenye koti lililochanika kiwiko. Alichokuwa amenunua, ukiacha nyumba na risasi, ni ujuzi wa mtu yule. Wasasi wetu wa zamani tunawajua kwa jina la ujangili tu, au hatuwajui kabisa, na wengi wanazeeka na majivu yao.

Niliporudi nilikwenda kumwamkia mjomba, nikamweleza yote, mfereji, upepo na kundi lililokimbia. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Mlikuwa chini yao, au juu?”

“Chini, mjomba.”

“Saa ngapi?”

“Kama saa tano asubuhi.”

Alicheka. “Jua likipanda, hewa hupanda nalo kilimani. Mlijipeleka puani mwao. Huyo bwana angengoja jioni.”