Kula mgahawani Ujerumani: maneno ya Kijerumani na adabu za mezani

Kijerumani cha mgahawani hakizidi sentensi ishirini, na mtu akikazana anazishika kwa wiki moja. Wageni hawaponzwi na uchache wa maneno. Huponzwa na vineno vidogo kama "halb" na "danke", ambavyo vikisikika au kutamkwa visivyo, mtu hukosa meza yake au huacha chenji yake bila kukusudia.

Matamshi, kwa kifupi: W husomwa kama V yetu, V mara nyingi kama F, Z kama "ts", "sch" kama "sh", "ei" kama "ai" na "ie" kama "i" ndefu. Kwa hiyo "zahlen" (kulipa) ni "tsaalen" na "Wein" (mvinyo) ni "vain". Ile "ch" ya "ich" inakaribia "h" iliyochanganywa na "y". Ukisema "ish" bado utaeleweka.

Kuhifadhi meza

Kwa simu, sema: "Ich möchte einen Tisch für vier Personen reservieren", ningependa kuhifadhi meza ya watu wanne. Kisha taja siku na saa, na hapo ndipo penye mtego. "Halb acht" ni nusu saa kabla ya nane ya Kizungu, yaani 19:30. Kwa saa za Kiswahili, saa moja na nusu usiku. Anayedhani ni nane unusu ya Kizungu hufika saa nzima baadaye na kukuta meza ishapewa wengine, maana migahawa mingi hushikilia meza kwa kama robo saa tu. Jikinge kwa kutaja saa kwa mtindo wa saa 24: "neunzehn Uhr dreißig". Ukichelewa, piga simu: "Wir kommen zehn Minuten später."

Kabla ya kutoka nyumbani angalia pia maneno mawili. "Ruhetag" ni siku ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu. "Küche bis 21.30 Uhr" maana yake jiko linafungwa saa hiyo, hata kama vinywaji vitaendelea mpaka usiku wa manane. Katika miji midogo jiko huzimwa pia alasiri, takriban 14:00 hadi 17:30, isipokuwa pameandikwa "durchgehend warme Küche", yaani jiko halisimami mchana.

Kuingia na kuketi

Mgahawa wa kawaida unaingia, unasalimu "Guten Tag" au "Guten Abend", na unajitafutia meza. Kwenye migahawa ya hadhi, au palipo na kibao "Bitte warten, Sie werden platziert", unasubiri kupangiwa. Meza yenye kadi ya "Reserviert" isome vizuri: ikiwa imehifadhiwa kuanzia 20:00 na sasa ni 18:00, unaweza kuomba "Können wir bis halb acht hier sitzen?" na mara nyingi utakubaliwa. Meza yenye kibao cha "Stammtisch" iache kabisa, hata ikiwa tupu na mgahawa umejaa. Ni ya wateja wa kudumu.

Kwenye Biergarten (bustani ya bia) na kwenye Wirtshaus (mgahawa wa kienyeji) za kusini ni kawaida kukaa meza moja na watu msiojuana. Uliza "Ist hier noch frei?", na ukishajibiwa "ja" hulazimiki kupiga soga, salamu ukiketi na kuaga ukiondoka vinatosha. Mbwa nao wanaruhusiwa kwingi, wakilala chini ya meza ya jirani. Usiyependa kuwa karibu nao, omba mapema: "Haben Sie einen Tisch weiter weg vom Hund?"

Vinywaji hutangulia

Mhudumu ataleta menyu na kuuliza kinywaji papo hapo: "Möchten Sie schon etwas trinken?" Menyu yenyewe huitwa "Karte" au "Speisekarte". Ukisema "das Menü, bitte" umeomba mlo kamili wa bei moja wenye hatua kadhaa, kuanzia supu hadi kitindamlo.

Ukiagiza, anza na "Ich hätte gern…" au "Ich nehme…". "Ich will" ni sahihi kisarufi lakini husikika kama mtoto anayedai. Mhudumu ni "Sie" (wewe ya heshima) daima, labda yeye mwenyewe aanze na "du" (wewe ya kirafiki), jambo la kawaida kwenye mikahawa ya vijana ya Berlin.

Ukisema "Wasser" tu, kuna uwezekano mkubwa wa kuletewa ya gesi, na kwa bei ambayo wakati mwingine haiachani sana na ya bia. Yasiyo na gesi ni "stilles Wasser" au "ohne Kohlensäure". Yenye gesi ni "mit Kohlensäure" au "Sprudel". Maji ya bomba ni "Leitungswasser". Ni safi kabisa, lakini mgahawa haulazimiki kuyatoa bure, na kuyaomba peke yake huonekana ubahili. Yaombe pamoja na kinywaji cha kulipia: "Könnte ich dazu ein Glas Leitungswasser haben?" Chaguo zuri na la bei ya wastani ni "Apfelschorle", juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi. Asiyekunywa pombe ana kinga ya kisheria pia: kifungu cha 6 cha Gaststättengesetz, sheria ya migahawa, kinadai kwamba angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi kisiwe ghali kuliko kinywaji cha bei ya chini kabisa chenye kilevi. Ndiyo maana baadhi ya menyu zina juisi au maji ya bei ya chini yaliyojificha mwishoni mwa orodha.

Bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaweza kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5. Anayekwepa pombe kwa sababu za dini au afya atafute "0,0 %".

Mjini Köln kuna utaratibu wake. Bia ya Kölsch huja katika glasi nyembamba ya lita 0.2, na mhudumu, aitwaye Köbes, hukuletea nyingine bila kuulizwa pindi ya kwanza ikiisha. Unamkomesha kwa kufunika glasi na kile kigae cha karatasi nene kinachowekwa chini yake, "Bierdeckel". Alama za kalamu juu ya kigae hicho ndiyo hesabu yako, kwa hiyo usikichane wala usikichezee. Mkigonganisha glasi, "Prost!" husemwa mkitazamana machoni, kila mmoja na mwenzake, na hakuna anayeanza kunywa kabla ya hapo.

Kujua kilichomo sahani

Hapa sentensi moja haitoshi. "Ich esse kein Schweinefleisch", sili nyama ya nguruwe, itaeleweka, lakini wapo wanaowazia kipande cha nyama tu na kusahau vijipande. Nguruwe yumo katika "Speck" (nyama yake yenye mafuta) na "Schinken" (paja lake) vinavyotiwa kwenye viazi vya kukaanga (Bratkartoffeln), supu ya dengu, sauerkraut (kabichi iliyochachushwa) na hata maharage mabichi. Yumo kwenye "Schmalz", mafuta yanayopakwa mkate. Na "Mett" ni nguruwe mbichi aliyesagwa. Kwa hiyo uliza kwa sahani husika: "Ist da Speck oder Schmalz drin?" Michuzi ya nyama nayo hupikwa mara nyingi kwa mvinyo au bia: "Ist in der Soße Alkohol?"

Majina nayo yana ujanja. "Wiener Schnitzel" bila nyongeza yoyote ni nyama ya ndama. "Schnitzel Wiener Art" kwa kawaida ni nguruwe, na tofauti ya bei inakuonyesha. "Halve Hahn" ya Köln, ambayo kwa jina ni nusu jogoo, ni mkate wa nafaka ya rai na jibini. Ng'ombe ni "Rind", kuku ni "Hähnchen", kondoo ni "Lamm", lakini hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalomaanisha halali. Uliza "Ist das Fleisch halal?"; jibu la "ja" utalipata zaidi kwenye migahawa ya Kituruki na ya Kiarabu.

Kwa mzio, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inaulazimisha kila mgahawa kueleza uwepo wa vizio 14, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, ngano na samaki. Zile herufi na namba ndogo pembeni mwa majina ya vyakula ndizo hizo. Usizikariri, kwa sababu kila mgahawa hupanga zake. Tafuta ufunguo mwishoni mwa menyu au omba "die Allergenkarte". Sentensi ya kusema ni "Ich bin allergisch gegen Erdnüsse" (karanga), ukibadilisha neno la mwisho.

Bavaria, kikapu cha mkate wa Brezn kikiwekwa mezani, kila utakachokula kitahesabiwa. Kubadilisha kiambatanisho, "Kann ich statt Pommes einen Salat haben?", huruhusiwa lakini pengine kwa euro moja au mbili za ziada.

Wakati wa kula

Subiri wote wapate sahani, kisha "Guten Appetit" ndipo mikono ianze. Kisu mkono wa kulia, uma wa kushoto, na mikono yote miwili huonekana: viganja na vifundo juu ya meza, viwiko chini yake. Maandazi ya viazi, "Klöße" au "Knödel", hupasuliwa kwa uma. Kuyakata kwa kisu ni kama kusema ni magumu. Umepumzika tu? Weka uma na kisu vikiwa vimepishana juu ya sahani. Umemaliza? Vilaze sambamba, vishikio vikielekea chini kulia. Mhudumu husoma ishara hiyo na anaweza kuondoa sahani bila kuuliza.

Kumwita, inua mkono kidogo, mtazame, useme "Entschuldigung!" Usipige vidole wala mluzi. "Fräulein" (binti) limepitwa na wakati na linaudhi. Kama supu ni baridi, sema mapema: "Entschuldigung, die Suppe ist leider kalt." Aliyemaliza sahani kisha akalalamika hana wa kumsikiliza.

Akiuliza "Möchten Sie noch etwas?" nawe ukajibu "Danke", umekataa. Unayetaka kuongezewa lazima useme "Ja, bitte" au "Gern".

Bili

Bili haiji mpaka uiombe, hata ukikaa saa mbili na kikombe kitupu. Kuileta mapema kungekuwa kukufukuza. Sema "Zahlen, bitte" au, kwa upole zaidi, "Wir würden gern zahlen." Utaulizwa "Zusammen oder getrennt?", pamoja au kila mtu yake. "Getrennt" si aibu hata kidogo: kila mmoja hutaja alichokula, "Ich hatte das Schnitzel und eine Apfelschorle", na mhudumu hujumlisha palepale. Mtu akisema "Ich lade Sie ein" ndiye atakayelipa. "Gehen wir essen?" ni pendekezo la kwenda kula tu, halimpi mtu jukumu la kulipa.

Sikiliza namba kwa makini, maana Kijerumani hutanguliza mamoja kabla ya makumi. "Siebenundzwanzig vierzig" ni euro 27.40, si 72. Kwenye karatasi itaandikwa 27,40, kwa mkato badala ya nukta.

Bei za menyu zina kodi ndani yake, na wahudumu wana kima cha chini cha mshahara kisheria tangu 2015, kwa hiyo bakshishi, "Trinkgeld", ni shukrani: asilimia 5 hadi 10, kwa kuzungusha juu. Kahawa ya 4.20 lipa 4.50 au 5. Bakshishi haiachwi mezani, hutamkwa. Bili ni 27.40, unatoa noti ya 50 na kusema "Dreißig, bitte", naye anakurudishia 20. Ukitoa 30 kamili sema "Stimmt so" (shtimt zo), yaani baki ni ya mhudumu. Na hapa "danke" inarudi na sura nyingine: ukimkabidhi 30 na kusema "Danke" tu, wengi wataelewa kwamba chenji umewaachia. Unayeitaka chenji, kaa kimya mpaka uipate.

Kabla ya kuagiza, siyo baada ya kula, uliza "Kann ich mit Karte zahlen?" Bado kuna migahawa yenye kibao "Nur Barzahlung", pesa taslimu tu, na mingine hupokea Girocard ya Kijerumani lakini si Visa wala Mastercard. Unayedai fedha kwa mwajiri, omba "einen Bewirtungsbeleg". Bili ikizidi euro 250 inatakiwa iwe na jina na anwani ya anayelipa.

Ukilipa kwa kadi, taja jumla pamoja na bakshishi kabla mhudumu hajaingiza namba: "Machen Sie dreißig." Baadhi ya mashine mpya hupendekeza asilimia 10, 15 au 20 zenyewe. Hizo ni ndoto za mashine. Tafuta kitufe cha "Eigener Betrag" uandike kiasi chako, au "Kein Trinkgeld" kama utampa mhudumu sarafu mkononi.