Nilivyoifuatilia historia ya stesheni ya Krøderen

Krøderen ni mji mdogo kusini mwa Norwei, kando ya ziwa la jina hilohilo. Stesheni yake ilikuwa mwisho wa reli ya kilomita 26 itokayo Vikersund. Nilitaka kujua ilikufaje. Wengi watakwambia magari ndiyo yaliyoiua, na magari yana mchango wao, lakini magazeti ya zamani yalinionyesha jambo jingine.

Maktaba ya Taifa ya Norwei imeyaweka mengi mtandaoni. Kazi ipo kwenye kuyasoma, maana ya karne ya 19 yalichapwa kwa herufi za Kigothi, na s ndefu inafanana mno na f. Nikaanza na matangazo ya ratiba za treni, nikaziacha habari kwanza. Ratiba ni saa na majina ya vituo ninavyovijua, kwa hiyo jicho lilizoea upesi. Ukitaka kusoma historia ya mahali kwa lugha ya ugenini, nakushauri uanzie hapo.

Reli ilifunguliwa 1872, na kwa abiria wengi Krøderen palikuwa pa kupita tu. Ukishuka treni unapanda meli ya mvuke hadi Gulsvik, kisha gari la farasi kuingia bonde la Hallingdal. Mji ulikula kwa wasafiri hao. Mwaka 1909 reli ya kwenda Bergen ikakamilika, ikapita Hønefoss hadi Gulsvik kwenyewe, Krøderen ikaachwa kando. Kinachoniuma ni kwamba mwaka huohuo reli ya Krøderen ilipanuliwa, nafasi kati ya vyuma vyake viwili ikafikia milimita 1,435. Wamepata njia bora, na wasafiri wa mbali ndio hao wanaondoka! Treni za abiria zilikoma 1958, za mizigo 1985.

Kabla ya kupanuliwa ilikuwa na upana wa milimita 1,067, uleule wa Tazara, reli ya Tanzania hadi Zambia. Mimi nimekulia Makambako, inakopita reli hiyo, kwa hiyo namba hiyo ilinishtua kwa furaha. Kiangazi watu wa kujitolea huendesha treni ya mvuke hapo, yenye mabehewa ya mbao, nami nikamuuliza mzee mmoja wao kwa nini walichagua upana ule. Akanichorea kona kwa kidole kwenye vumbi la makaa: reli nyembamba hukunja kona kali, hivyo milima haichimbwi sana na gharama hupungua. Mhandisi Carl Abraham Pihl ndiye aliyeupigania nchini humo.