Mikate Miwili ya Bitiruti

"Mjomba, rangi imeenda wapi?"

Swali la mtoto wa dada, leo asubuhi, kipande cha mkate mkononi. Jana alimsaidia mama yake kukanda unga wenye bitiruti, donge likawa jekundu hadi vidole vikabaki na madoa. Leo mkate umekatwa, na ndani ni kahawia, na vidoa viwili vitatu tu vya waridi karibu na katikati. Nilitaka kumjibu kwamba joto limeila, nikasita. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine nilionyeshwa mezani kwa Shangazi, jioni ile ya mikate miwili.

Jirani ndiye aliyeanzisha. Mikate yake ya bitiruti ilikuwa ikitoka kahawia kila mara, mara akalaumu unga, mara akasema bitiruti zimekaa sana sokoni. "Dada, nimekata tamaa, nitatia rangi ya chupa," akamwambia Shangazi. Shangazi hakubishana. Alimwomba amwandikie vipimo vyake vyote kwenye karatasi, akavisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: magadi soda, nusu kijiko cha chai, "ili mkate uwe laini."

"Basi tuoke wako na wangu," akasema. "Tanuri moja, wakati mmoja. Kisha tukate."

Bitiruti zilichemshwa sufuria moja, asije mtu akasema za mwenzake zilikuwa bora. Shangazi hazimenyi kabla ya kuchemsha. Anaziosha, anauacha mkia, na juu anaacha sentimita mbili tatu za mashina, kwa sababu rangi ya bitiruti huyeyuka majini kwa wepesi sana. Ukikata kichwa au ukiimenya ikiwa mbichi, rangi nyingi unaimwaga pamoja na maji ya kuchemshia. Zile za ukubwa wa wastani zilichukua dakika 45 hadi saa nzima, mpaka kisu kikapenya bila kusukumwa. Zilipopoa kidogo, ngozi ikavuliwa kwa vidole tu.

Wapo wanaotumia juisi ya bitiruti mbichi. Donge lake linapendeza kuliko lolote, lakini bitiruti mbichi ina vimeng'enya vinavyoitafuna rangi yenyewe wakati unga unaumuka. Kuchemsha ndiko kunakovizima. Kwa hiyo mwenye juisi mbichi huanza kupoteza rangi hata kabla hajawasha tanuri.

Vipimo vyao vilikaribiana, wakavisawazisha. Kwa kila mkate: unga wa ngano mweupe wa mkate gramu 500, rojo la bitiruti gramu 150, mafuta gramu 20, chumvi gramu 9, hamira kavu ya papo kwa papo gramu 5. Sukari hapana, bitiruti ina yake, na gramu 150 zinaleta kama gramu 10 za sukari, zinazotosha kuilisha hamira na hata kuharakisha ganda kuungua ukizembea. Maji ndipo palipohitaji hesabu. Bitiruti ni maji kwa karibu asilimia 87, kwa hiyo rojo lile peke yake limeshaleta gramu 130. Mkate wa Shangazi ulitiwa maji gramu 190 na maji ya limau gramu 15, yaani kijiko kimoja kikubwa. Wa jirani haukuwa na limau, ukatiwa maji gramu 205 ili unyevu uwe sawa, pamoja na magadi soda yake.

Limau halikuingia kwenye unga moja kwa moja. Shangazi alilimimina kwenye mashine ya kusagia pamoja na bitiruti, likasagwa humo mpaka rojo likawa laini bila chembe. Anataka asidi iikute rangi kabla ya kitu kingine chochote. Kuna faida ya pili, na wengi hawaijui: ile harufu ya udongo ya bitiruti, inayowafanya watoto wakunje uso, nayo hupunguzwa na asidi. Lakini usizidishe. Vijiko vitatu vinne vya limau kwenye gramu 500 za unga vitaichelewesha hamira na kuulegeza unga, upate mkate mfupi unaomeguka.

Kukanda nakupitia haraka. Rojo hunata, na kishawishi ni kuongeza unga. Usiongeze. Changanya tu, funika, acha dakika 20 unga unywe maji, kisha kanda dakika 8 hadi 10 kwa mikono iliyoloweshwa. Donge litaacha kushika vidole lenyewe. Madoa ya mikononi hutoka kwa kipande cha limau na chumvi.

Yalipowekwa kuumuka, bakuli mbili zikakaa ubavu kwa ubavu mezani, na hapa jirani akatabasamu. Madonge yalifanana. Lake labda lilikuwa limeelekea zambarau kidogo, la Shangazi limeelekea wekundu, lakini mtu anayepita asingeona tofauti. "Unaona?" akasema. "Magadi hayajafanya kitu."

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Rangi ya donge si ahadi ya rangi ya mkate. Rangi ya bitiruti, betanini, imetulia vizuri kwenye asidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi) ya kama 4 hadi 6. Ikisogezwa upande wa alkali, kinyume cha asidi, huvumilia kwa muda ikiwa baridi. Joto likiingia, molekuli inakatika vipande viwili, kimoja cha manjano na kingine kisicho na rangi kabisa. Na magadi soda yenyewe hayabaki yalivyo: yakipita nyuzi 80 hivi huanza kugeuka kuwa alkali kali zaidi, wakati uleule joto linapoishambulia rangi. Mkate unashambuliwa mara mbili ndani ya dakika zilezile, na mlango wa tanuri umefungwa, huoni kitu.

La Shangazi lilichelewa kuumuka kidogo, kama ilivyo kawaida ya donge lenye limau. Yote yalipofikia mara mbili ya ukubwa wake yakakunjwa, yakatiwa kwenye makopo ya mkate, yakaachwa tena mpaka yakapanda juu ya ukingo kwa sentimita mbili. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lirudi polepole na lisijae lote. Tanuri lilikuwa limewashwa mapema, nyuzi 175, si 220 kama wengi wanavyooka mkate. Makopo yakawekwa na nafasi kati yake hewa ipite, yakageuzwa mbele nyuma katikati ya safari. Dakika ya 15, foili ikalazwa juu ya yote mawili. Dakika ya 45 kipimajoto kikachomekwa katikati: 94 huku, 94 kule.

Kisha tukangoja. Shangazi hakati mkate wa moto, na kwa mkate wa rangi ana sababu ya ziada. Betanini iliyovunjwa na joto, sehemu yake inaweza kuungana tena inapopoa. Ukikata ukiwa bado unafuka moshi, unauhukumu kabla haujamaliza. Jirani alikuwa akizunguka meza. Alishaanza kunusa wa kwake, akasema unanukia vizuri, na kweli ulinukia vizuri. Kwa nje mikate ilikuwa ndugu: ganda la dhahabu iliyofifia, wekundu kidogo kwenye pembe, wa jirani umekolea hudhurungi zaidi kwa sababu alkali huharakisha ganda kubadilika rangi. Hakuna aliyeweza kuapa lolote.

Shangazi alianza na wa jirani. Alitumia kisu cha meno, akakivuta bila kukandamiza, na kipande cha kwanza kikaanguka kifudifudi. Akakiacha hivyo. Akavuta mkate wake, akakata, kipande nacho kikaanguka kifudifudi. Vilikaa ubaoni, migongo juu, na sote tukaviangalia bila kugusa. Kisha akavipindua kwa mkono mmoja, vyote kwa pamoja.

Cha jirani kilikuwa cha manjano yaliyochafuka kuelekea kahawia, sare toka ukingo hadi ukingo, hata ukikipeleka kwenye mwanga huoni wekundu. Cha Shangazi kilikuwa cha waridi. Si waridi wa donge, tusidanganyane. Ulikuwa umepoa, umetulia, kama kitambaa chekundu kilichofuliwa mara nyingi. Lakini ulikuwa waridi. Na haukuwa sare. Chini ya ganda, pande zote nne, kulikuwa na utepe wa kahawia wa nusu sentimita hivi. Ukiingia ndani rangi ilianza kukolea, na katikati kabisa, pale pa mwisho kupata joto, ilikolea kuliko kwingine kote. Shangazi alipitisha ncha ya kisu kwenye utepe ule, akaufuata mzunguko mzima, akamwambia jirani, "Huu ni wa joto. Limau haliuondoi. Lakini ule wako wote, huo ni wa magadi."

Jirani alikishika kipande chake, akakimega, akala. Akasema, "Ni laini lakini." Shangazi akakubali, kwa sababu ni kweli ulikuwa laini. Ila ukitafuna ulikuwa na ladha ya sabuni kwa mbali, na ule wa limau ulikuwa laini vilevile. Rojo na mafuta vinatosha kwa ulaini, magadi hayahitajiki.

Shangazi alikuwa amebana kidonge cha unga wake wa limau, saizi ya yai. Aliupandisha moto hadi nyuzi 220 akakioka bila kukifunika, ili hoja ya joto nayo isibaki maneno. Kilipokatwa, utepe wa kahawia ulikuwa umekaribia kukutana katikati. Waridi ulibaki nukta. Unga uleule, limau lilelile. Kwa hiyo ukiniuliza lipi ni kubwa, asidi au moto, nitakwambia usichague. Shika yote mawili, na oka mkate mnene kuliko vijikate vidogo, kwa sababu kitu kinene huchelewa kupata joto katikati.

Jambo moja nilijiongezea baadaye, na naliona muhimu kuliko vipimo: usichukue sheria ya bitiruti ukaipeleka kwenye kila rangi. Limau linaloiokoa bitiruti linaua kijani cha mchicha. Asidi na joto huyaondoa madini ya magnesi kwenye klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, na mkate unatoka rangi ya zeituni iliyochoka. Kabichi ya zambarau ndiyo ya ajabu zaidi. Maji yake yakipata limau huwa ya waridi, yakipata magadi huwa ya bluu na mwisho kijani, kwa hiyo na mkate wake hufuata kilichotiwa. Manjano, kile kiungo, hayana shida: kijiko kimoja cha chai kwa gramu 500 za unga, rangi inabaki, ukizidisha unapata uchungu. Lakini nayo magadi huyageuza yawe mekundu. Kila rangi na adui yake, na njia ya kumjua ni kutia kidogo kwenye kikombe na kuchemsha kabla hujaharibu unga.

Mtoto wa dada nimempa jibu la vikombe: maji ya bitiruti kwenye viwili, limau huku, magadi kule, vyote jikoni vichemke. Nimemwambia pia asishtuke akienda haja ndogo akaona wekundu. Kwa baadhi ya watu bitiruti hufanya hivyo na haina madhara. Mkate uliobaki usikae wazi dirishani, maana mwanga na hewa huendelea kuififisha rangi hata baada ya kuoka. Ukate, ufunge, ugandishe.

Sehemu moja mimi na Shangazi hatujaafikiana hadi leo, nayo ni foili. Yeye akishaifunika dakika ya 15 haifunui tena. Waridi unafika karibu na ukingo, lakini ganda linabaki jepesi na laini, linakunjwa na kidole. Mimi naifunua dakika 10 za mwisho. Ganda linakaza, linavunjika vizuri ukilikata, na utepe wa kahawia unapanuka kidogo ndani. Kwangu ganda ni nusu ya mkate. Shangazi anasema mwenye kutaka ganda aoke mkate mweupe, na kila nikimpelekea wangu huanza kwa kupitisha ncha ya kisu kwenye ule utepe, akipima.