Arusha, Namanga na kurudi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu

Kila baada ya miaka minne, maelfu ya waendesha baiskeli huondoka jirani na Paris, huenda mpaka Brest, mji wa bandari ulio mwisho kabisa wa magharibi ya Ufaransa, kisha hugeuza na kurudi. Ni kilomita 1,200, na muda wa mwisho ni saa 90. Saa haisimamishwi kwa sababu umelala, umekula au umepata pancha. Jambo hili lilianza mwaka 1891 kama mashindano hasa, na Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22. Siku hizi hakuna mshindi wala kombe. Kuna aliyefika ndani ya muda na ambaye hakufika, basi.

Aliyenipa habari hizi ni Mwalimu, jirani yangu, mtu mzima aliyefundisha fizikia sekondari miaka mingi na ambaye mpaka leo hendi popote ila kwa baiskeli. Mwalimu hujua sheria za watu wengine kuliko wenyewe. Kabla ya kuruhusiwa kwenda Brest, alisema, lazima mwaka huohuo uwe umemaliza safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Ile ya 200 inapewa saa 13 na nusu, 300 saa 20, 400 saa 27, 600 saa 40. Ukigawanya ni kama kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao hata muuza maziwa mwenye madumu anauweza. Na ukikimbia sana nako unakwama, maana kituo cha mwisho cha kilomita 200 hakifunguliwi kabla ya saa 5 na dakika 53 kupita tangu kuondoka. Kwa maoni yangu sheria hizi zimetungwa na mtu aliyewajua binadamu. Hazimtishi mwenye miguu mizito, zinamsaka anayependa kukaa.

Nauli ya Paris hatuna. Lami ya Namanga tunayo. Kutoka Mnara wa Saa hapa Arusha mpaka Namanga, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 110, kwa hiyo kwenda na kurudi zinazidi 200, na kule kwao njia ikizidi kidogo muda hauongezwi. Tukakubaliana: Jumamosi ya Julai, kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Kule watu hubeba kadi inayogongwa muhuri kwenye vituo. Sisi tulibeba daftari la shule, lile dogo la mistari.

Maandalizi hayakuwa na siri. Mimi ni seremala, nashinda nimesimama, kwa hiyo miguu ninayo, ila makalio hayakuwa yamezoea. Wiki hadi wiki tuliongeza kidogo: Usa River na kurudi, halafu Kikatiti, halafu Boma Ng'ombe, mwisho Moshi. Goti la kulia lilianza kuniuma mbele karibu na Kikatiti na halikuniacha mpaka nilipokwenda kwa fundi baiskeli wa Ngarenaro. Hakutazama goti. Alisema, "Kaka, panda, weka kisigino kwenye pedali, uizungushe mpaka chini kabisa." Goti likabaki limekunja. "Mguu unatakiwa unyooke hapo. Kiti chako kiko chini, umejibana." Akalegeza nati, akapandisha kiti kama upana wa vidole viwili, akabadilisha na waya wa breki ya nyuma. Goti halikurudia tena, na nimewahi kulipa daktari kwa msaada mdogo kuliko huo.

Vingine nilivyobeba: kaptula yenye sponji, mafuta ya mgando ya kupaka panapochubuka (pakeni mengi, msione haya), tyubu mbili, viraka, pampu, chupa mbili za maji, na pakiti za chumvichumvi zile wanazopewa watoto wanaoharisha. Chakula kilikuwa chapati, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, tende, na kashata za karanga.

Alfajiri ile tulikuwa watatu. Kijana mmoja wa Sakina, ambaye sote tunamwita Chalii, alisikia habari akaja na baiskeli ya mbio, nyepesi, ya mtumba lakini ya maana.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Taa yako iko wapi?"

"Tutarudi mapema, Mwalimu."

Mwalimu hakujibu. Aliandika saa kwenye daftari tukaondoka.

Julai Arusha ni baridi, na kuanzia Sakina barabara inapanda. Haipandi vibaya, inapanda tu bila kuacha: Ngaramtoni, kisha mashamba, kisha giza lenye moshi wa majiko ya watu walioamka kabla yetu. Meru uko kulia, ila wakati huo unaujua kwa kuwa nyota hazionekani upande ule. Chalii alitupungia mkono akapotea. Mwalimu alikuwa kwenye gia nyepesi kabisa, anazungusha miguu haraka na kwenda polepole, na anaongea. Anayeweza kuongea, kwa kanuni yake, bado hajaanza kutumia akiba.

Kulipopambazuka tulikuwa Oldonyo Sambu. Chalii alikuwa kwenye mgahawa, bakuli la supu mbele yake, ndiyo kwanza anakamulia ndimu. Tukampita. Baada ya hapo dunia inafunguka: milima ya Monduli kushoto, nyuma Meru umewaka rangi ya chungwa, mbele bonde pana la manjano na mlima wa Longido umesimama peke yake. Barabara inateremka kwa muda mrefu, na upepo wa kusi-mashariki ulikuwa mgongoni. Chalii alitupita huko kwenye mteremko akipiga miluzi.

Hii ndiyo njia ya wale wa Tour d'Afrique, msafara ulioanza mwaka 2003 unaotoka Cairo mpaka Cape Town. Wakitoka Nairobi huingia nchini kupitia Namanga na kuja kupumzika Arusha. Niliwahi kuwaona pale Ngaramtoni, wamepakaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na nikashangaa kwamba wengi wao walikuwa watu wazima wa umri wa Mwalimu, wala si vijana.

Longido tulifika kabla ya saa tatu. Kujaza maji, kukojoa, chapati moja mkononi, twende. Mwalimu anayo saa ya mkononi ya zamani yenye kengele, na akisimama anaitega. Ikilia anapanda baiskeli, awe amemaliza kutafuna au la. Nikamwona Chalii ng'ambo ya barabara anachagua mbavu kwa mchoma nyama. Nyama ya Longido ni nzuri, simlaumu. Ila nyama ya kuchoma haina mbio, na mchomaji akikuambia dakika kumi maana yake bado hajachinja.

Tukiwa tunauzunguka mlima Mwalimu alinisimulia kuwa hapa Waingereza waliotoka Kenya waliwashambulia Wajerumani tarehe 3 Novemba 1914, wakapigana kutwa, kisha wakarudi Namanga usiku uleule. "Nao walikwenda na kurudi," akasema, akafurahia mzaha wake kilomita nzima.

Kati ya Longido na Namanga ndipo nilipoona kitu ambacho ndani ya basi sikuwahi kukiona, ingawa nimepita mara nyingi. Swala twiga, yule mwenye shingo ndefu, alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma miwili, mikono ameitundika kwenye tawi la mgunga, anachuma majani kwa midomo huku akitutazama. Baiskeli haina kelele, kwa hiyo hakuona haja ya kushuka. Masikio yalizunguka kutufuata, kichwa kikabaki palepale. Mbele kidogo twiga watatu walivuka, na lori la shehena likawasubiri kwa adabu.

Namanga, saa tano kasoro dakika chache. Tulihitaji muhuri. Wakala wa kutuma fedha, dada aliyekaa kwenye kibanda kidogo, alilitazama daftari akatutazama sisi.

"Hii ni ya nini, baba?"

"Ni ushahidi kwamba tumefika."

"Nani anawadai ushahidi?"

"Hakuna. Tunajidai wenyewe."

Akacheka mpaka mteja aliyekuwa nyuma yetu akaanza kucheka bila kujua sababu. Akagonga muhuri, akaandika saa, na bila kuombwa akaongeza chini yake: *wamefika salama*. Tulikuwa tunamalizia wali maharage Chalii alipoingia, jasho linamtoka. Kwa mwendo wake alitakiwa awe amefika kabla yetu kwa saa nzima. Alipigiwa muhuri wake, na Mwalimu akamwambia kwa upole ale haraka, tunatoka pamoja.

Kurudi ndiyo safari yenyewe. Upepo uliotusukuma asubuhi ulikuwa sasa kifuani, na mteremko wa asubuhi ulikuwa unatungoja baada ya Longido. Tulikuwa hatujafika mbali tairi la nyuma la Mwalimu likaanza kupiga lami. Pancha. Alipindua baiskeli, akatoa gurudumu, akachomoa tyubu, akaijaza upepo kidogo na kuipitisha karibu na mdomo wake wa chini, pole pole, maana ngozi ya pale huhisi pumzi ambayo sikio halisikii. Akapata. Lakini hakubandika kiraka hapohapo. Aliingiza vidole ndani ya tairi na kuizungusha yote, kidogo kidogo, macho yake yako mbali kama anasikiliza redio. Mwiba wa mgunga ulikuwa umekatika ndani, umebaki kijincha chenye urefu wa punje ya mchele. Aliuchomoa kwa kucha na meno. Ungebaki, tyubu mpya ingetoboka kabla ya Kimokouwa.

Mchungaji, mtoto wa miaka kumi hivi, alikuja na mbuzi wake kutazama.

"Mnakwenda wapi?"

"Arusha."

"Nauli hamna?"

Chalii alimwambia nauli tunayo. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, hakuamini, akaendelea na mbuzi zake.

Kutoka Longido kupanda sina mengi ya kusimulia. Jua, upepo, mstari mweupe wa lami. Kichwa kilianza kuniuma, nikanywa maji yenye chumvichumvi, nikala kiazi bila hamu, na baada ya nusu saa nikawa mtu tena. Njaa ya kwenye baiskeli haiji tumboni, inakuja kama hasira. Nilipoanza kumchukia Mwalimu kwa jinsi anavyokohoa nilijua ni wakati wa kula.

Hapa ndipo Chalii alipotufaa. Nguvu alizokuwa anazimwaga asubuhi Mwalimu alimpangia kazi: akae mbele, akate upepo, nasi tujibanze nyuma yake, gurudumu karibu na gurudumu, mwendo ule ambao mzee anaweza kuongea. Alichukia mwanzoni. Kila akijisahau na kuongeza mwendo, sauti ilitoka nyuma: "Chalii, siongei." Anapunguza. Saa mbili nzima tulikwenda hivyo, na nadhani ndizo kilomita bora alizowahi kuendesha, ingawa mwenyewe anasema zilikuwa za kuchosha.

Juu, Oldonyo Sambu, mama mmoja alikuwa na loshoro, ile ya mahindi na ndizi yenye maziwa mgando. Tulikula tumeegemea baiskeli.

"Kaeni basi wanangu, mbona mnakula kama mnafukuzwa?"

"Tunafukuzwa mama, samahani," nikasema. Hakupenda, na ana haki. Kula umesimama mlangoni kwa mtu ni utovu wa adabu. Saa ya Mwalimu ikalia.

Mteremko wa Ngaramtoni jioni ya Jumamosi unahitaji akili kuliko miguu. Noa zinasimama bila taarifa, bodaboda wanapanda upande wao na wako, matuta yamefutika rangi. Tuliteremka tumekamata breki. Sakina, foleni. Mjini, foleni zaidi. Pale Mnara wa Saa Mwalimu aliandika saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, akamwomba askari wa barabarani asaini. Askari aliuliza kosa letu ni nini.

Chalii alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bustani, viatu mkononi. "Mwalimu, ile ya 300 lini?"

Karatu na kurudi ni karibu 300, Mwalimu akasema, ila kuna ule mpando wa kutoka Mto wa Mbu, na kwa saa 20 lazima usiku ukukute njiani, kwa hiyo kwanza taa. Jumatatu Chalii alikwenda kuulizia taa za maana. Alipotajiwa bei alirudi na pendekezo kwamba tungoje mbalamwezi. Mwalimu amekataa.