Tulivyohama kwa mzabuni tukaanza kununua chakula cha shule kwa wakulima wetu wenyewe

Mimi ni mwalimu wa msingi huku Kasulu, mkoa wa Kigoma, kijijini, na suala la chakula cha shule nimekabidhiwa mimi huu mwaka wa nne sasa. Wanafunzi tunao kama 400 ivi. Elimu bila malipo ilianza 2016 ila chakula kikabaki mikononi mwa wazazi, kwa hiyo kila kitu ni kikao, daftari na kubembelezana.

Siku ya kwanza nilipiga hesabu nikashika kichwa. Mtoto mmoja gramu 120 za mahindi na 30 za maharage, zidisha watoto 400, hapo ni kilo 48 za mahindi na kilo 12 za maharage kila siku, na siku za masomo kwa mwaka ni 194. Yani gunia 93 za mahindi na 23 za maharage, za kilo mia mia. Nikajiuliza hizi zote nazitoa wapi.

Mwaka ule tulimpa mzabuni mmoja wa mjini. Mahindi hayakuwa mabaya sana, ila maharage jamani! Ya zamani, yamebunguliwa, yamechanganywa aina tatu, unayabandika asubuhi saa moja mpaka saa saba bado yanagonga kwenye sufuria, kuni zimeisha, mpishi analia moshi na watoto wa darasa la kwanza wamelala kwenye madawati kwa njaa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki ileile fuso mbili zilipakia maharage mapya kabisa hapahapa kijijini kwetu zikaondoka nayo. Kigoma hii, maharage tunavuna mara mbili kwa mwaka, afu watoto wetu wanakula yaliyooza!

Nikalipeleka kwenye kamati ya shule, kamati ikalipeleka mkutano wa kijiji, mtendaji na mwenyekiti wakatuunga mkono, tukakubaliana tununue kwa kikundi cha wakulima wa hapa, 34, wengi wao akina mama. Kila mtu alipiga makofi, na mimi nikaona kazi imeisha.

Kumbe tumekosea palepale kwenye malipo. Tulichukua maharage mwezi wa sita kwa ahadi, tukitegemea michango ya wazazi, na michango ikawa inadondoka kidogokidogo, huyu elfu mbili, yule kesho, mpaka mwezi wa kumi hatujamaliza deni. Siku moja jioni mama mmoja wa kikundi akaja nyumbani, hakutaka hata kukaa, akasimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, maharage yangu watoto wamekula na mimi nafurahi, ila mvua hizi zinaanza, mbolea sijanunua, shamba langu litalala." Sikuwa na jibu. Msimu uliofuata tukaita watu walete, wakaja wanne tu, wengine walishamuuzia dalali aliyekuja na hela mkononi. Siwalaumu hata kidogo, dalali anapunja ila analipa leo.

Hapo ndo nikaelewa kwamba mkulima mdogo shida yake siyo bei peke yake, ni lini anaipata. Basi tukageuza kalenda. Zamani mchango tulikuwa tunadai mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa, wakati mzazi ametoka sikukuu, ana sare, ana madaftari, mfuko mkavu. Tukauhamishia mwezi wa sita na wa saba, watu wakiwa wameuza mazao. Asiye na hela analeta maharage au mahindi tunampimia kwa bei ya siku hiyo inahesabika ndo mchango wake. Mkulima anayetuuzia analipwa nusu palepale kwa simu mzigo ukishuka kwenye mzani, nusu iliyobaki ndani ya wiki mbili, na tangu tuanze ivo hatujawahi kuvuka hizo wiki mbili. Bei nayo hatuipangi mapema, tunaangalia soko la Kasulu wiki ileile, kamati na viongozi wa kikundi wanakaa wanaiandika ubaoni kila mtu aione.

Jambo lingine ni mzani. Huku watu wamezoea debe, tena debe lenye kilemba, na gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo, ndo usiseme. Sisi tulisema kilo tu, na mwenye mzigo anasoma namba yeye mwenyewe kwa sauti. Mzee mmoja aliposoma kilo za gunia lake akanyamaza, afu akasema kumbe miaka yote nilikuwa natoa karibu debe zima la bure.

Unyevu tunapima kwa chumvi maana kipimo cha umeme hatuna. Unachukua chupa ya kioo kavu kabisa, mahindi yafike kama theluthi, unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga unatikisa dakika moja, unaacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi mabichi, rudi ukaanike. Isipoganda ujue unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, ila mimi bado naomba yapate jua la siku moja au mbili zaidi kwenye turubai maana ya kuhifadhi yanatakiwa 13.5 kushuka chini. Hapa sina huruma hata kwa rafiki yangu, sumukuvu, yani ile sumu ya ukungu wa mahindi yenye unyevu, haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuhifadhi tunatumia ile mifuko isiyopitisha hewa, wadudu wanakufa wenyewe bila dawa, cha msingi ufunge vizuri na uinue juu ya mbao, na panya wasiifikie. Maharage tunanunua mara mbili kwa mwaka kufuata mavuno, hayakai sana stoo, tunayaloweka usiku na yanaiva mapema. Mawese tunatoa kwa akina mama wa upande wa ziwani, makande yakipata mawese mekundu watoto wanakwangua sahani.

Makaratasi yalitutesa kidogo, mkulima hana risiti ya mashine. Tukawashauri wajisajili kwa afisa maendeleo ya jamii, saivi kikundi kina cheti na akaunti, na wameshaomba ule mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Kwangu mimi daftari lina jina, kilo, bei, sahihi au dole gumba, na mkulima anabaki na nakala yake.

Yule mama wa mlangoni ndo mweka hazina wa kikundi sasa. Jumamosi ijayo tunapima maharage ya msimu huu, amenipigia jana kuniuliza kama hela ipo kwenye simu, nikamwambia ipo, akasema basi ataniletea gunia saba.